Kompyuta ya Tano

Sehemu ya sita

Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika kumi, Kimya hufanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Hufuta skrini kwa kitambaa cha flana. Huweka kikombe cha maji upande wa kushoto ili asikigonge kwa kipanya. Halafu hufungua kihariri, ile programu ambamo watu wa kazi yake huandikia msimbo, na kusubiri herufi zitokee. Herufi ndogo, nyembamba, ukubwa wa kumi na nne. Alizichagua mwenyewe siku ya kwanza ya kazi na hakuzigusa tena.

Mnakumbuka tulimwacha wapi. Kitambaa kilikuwa bado mkononi, kibodi haijaguswa na mtu, na herufi zikaanza kukua.

Zilikua mbele ya macho yake, kama kitu kinachomsogelea kutoka gizani. Kumi na nane. Ishirini na sita. Arobaini. Maneno yaliyokuwa yakikaa vizuri kwenye mstari yakasukumana mpaka nje ya skrini. Kisha rangi ikageuka. Nyuma pakawa peusi tititi, na herufi zikawa njano kali kama macho ya paka.

Kimya alirudi nyuma na kiti chake mpaka kikagonga ukuta.

Hii ilikuwa mara ya tatu ndani ya siku sita. Mara mbili za kwanza alikuta zimeshabadilika, akazirudisha, akanyamaza, kama anavyonyamazia kila kitu. Jina hilo wenzake hawakumpa bure. Lakini leo aliona jambo lenyewe likitendeka. Kulikuwa na mtu ndani ya kihariri chake, na mtu huyo alikuwamo sasa hivi.

Tena leo, kati ya siku zote. Saa tano kamili hospitali ya watoto ingeanza kutumia programu yao mpya, ile inayowaambia wauguzi kila mtoto mchanga apewe dawa kiasi gani kwa saa kupitia dripu. Katika wodi hiyo, kitanda cha tatu, alilala mtoto wa siku sita asiyefika kilo moja na nusu. Alikuwa mtoto wa dada yake Kimya, tumbo moja.

Mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Redio. Redio ni mwenzake wa meza ya pili, na ameitwa hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mwezi uliopita alimgeuzia skrini juu chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Kimya akaenda kusimama mbele ya meza yake, maneno yakamkauka.

"Dada Kimya," Redio alisema, "ukiendelea kunitazama hivyo nitaanza kutubu dhambi nisizozitenda."

Kisha akageuza skrini yake amwonyeshe. Nyeusi tititi, herufi njano, ukubwa arobaini. Alikuwa akidhani ni Kimya ndiye aliyekuwa akimlipiza kisasi, na moyoni alikuwa amefurahi kwamba hatimaye binti ameamka.

Wakatazamana. Basi hakuwa yeye, wala hakuwa Redio.

Kimya alirudi kitini na kufanya alivyofundishwa. Aliyemfundisha ni Mzee Jicho, mwanzilishi wa karakana hiyo ya programu, aliyeitwa hivyo kwa sababu enzi zake aliweza kupita nyuma ya kiti chako na kikombe cha chai mkononi, akakuambia kosa liko mstari wa ngapi bila hata kusimama. Mwezi mzima sasa alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Alisema mguu unamsumbua kwenye ngazi. Yeye ndiye aliyemwambia Kimya kwamba ugonjwa wa kihariri hutafutwa kama bomba linalovuja: unafunga valvu moja moja mpaka maji yakome.

Valvu ya kwanza: akafungua kihariri kikiwa kitupu, bila kiongezi hata kimoja, vile vijiprogramu vya ziada. Njano ikabaki palepale.

Valvu ya pili: akaingia kwenye faili la mipangilio, akafuta arobaini, akaandika kumi na nne. Herufi zikanywea. Akahesabu kimoyomoyo. Alipofika ishirini, zikavimba tena.

Valvu ya tatu: akachomoa waya wa mtandao, akaandika tena kumi na nne, akahesabu mpaka mia moja. Herufi zikatulia tuli.

"Inatoka nje," alimnong'oneza Redio.

Karakana nzima hutumia akaunti moja, tangu siku ambazo Mzee Jicho alikuwa na kompyuta moja na meza ya kuazima. Kimya akarudisha waya na kufungua ukurasa unaoorodhesha kompyuta zote zilizoingia kwenye akaunti hiyo. Meza ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Chini yake kulikuwa na ya tano.

Haikuwa na jina. Ilikuwa na tarehe tu, Alhamisi iliyopita, na kando yake maneno mawili: inatumika sasa.

Hapo ndipo meneja alipoingia. Meneja ni mama mwenye hatua ndefu na subira fupi. Alitazama skrini mbili za njano, akamtazama Redio, hesabu ikajifunga yenyewe kichwani mwake. Hakupaza sauti. Alimwambia Redio aweke ufunguo wa ofisi mezani na akakae kwenye ngazi. Wataongea baada ya saa tano, na huenda yakawa maongezi yao ya mwisho. Redio akauweka ufunguo na kutoka.

Kimya alijua kijana huyo hana hatia. Alifungua kinywa. Ulimi ukagoma, na meneja akawa ameshapita kuelekea chumbani kwake, simu sikioni, akiwahakikishia watu wa hospitali kwamba kila kitu kiko sawa.

Basi akafanya kitu pekee alichokijua, akaendelea kusoma mpaka saa nne ikapita. Kihariri hutunza kumbukumbu ya kila badiliko. Alhamisi: ukubwa wa herufi. Alhamisi: rangi. Na mstari wa tatu, Alhamisi hiyohiyo:

Mlinzi: zima.

Mlinzi ni kiongezi alichokitengeneza Mzee Jicho kwa mikono yake. Kazi yake ni moja. Ukiandika kipimo cha dawa kinachozidi kile kinachoruhusiwa kwa uzito wa mtoto, Mlinzi huchora mstari wa rangi ya machungwa chini yake, na mstari huo hauondoki mpaka usahihishe. Siku sita nzima kompyuta zote za karakana zilikuwa zikiandika vipimo vya dawa za watoto wachanga bila Mlinzi, na kwa kuwa hakuna mstari uliotokea, kila mtu aliamini hana kosa.

Kimya akachomoa waya tena. Akamwasha Mlinzi.

Faili la Redio likabaki safi. Mstari wa machungwa ukawaka kwenye faili lake mwenyewe, sehemu moja, mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Watoto wa chini ya kilo moja na nusu. Palipaswa kuwa na sifuri nukta tano.

Palikuwa na tano.

Akakumbuka. Alhamisi, saa nane mchana, simu ya shemeji: dada yako amekimbizwa hospitali, uchungu umeanza kabla ya wakati. Alikuwa katikati ya mstari huo, akipunguza na kuongeza. Aliinuka mbiombio bila kuangalia amefuta nini. Hakubonyeza hifadhi. Hakuhitaji, kihariri chake kilikuwa kimewekwa kihifadhi chenyewe.

Lakini lililomtisha zaidi lilikuwa chini ya faili. Katika karakana ile kazi ya mtu haitoki mpaka mtu wa pili aisome, kisha aandike neno moja na jina lake. Neno lilikuwepo.

Nimesoma. Jicho.

Mzee Jicho hakosi nukta. Dunia nzima ingekosa, yeye hakosi. Basi kuna mtu anaandika kwa jina lake, Kimya aliwaza, mtu mwenye funguo zake zote. Tangu Alhamisi lile neno lilikuwa limeandikwa kwenye mafaili arobaini na moja. Mlinzi angeweza kukamata dawa iliyozidi. Iliyopungua hajui kuiona, wala jina la dawa lililokosewa. Hiyo siku zote ilikuwa kazi ya macho ya mtu.

Alisahihisha mstari wake. Akapiga simu kwa Mzee. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Mwenye neno la siri la kuifunga akaunti ile alikuwa mzee huyo tu. Kama kompyuta ya tano iko mikononi mwa mtu mwingine, basi mtu huyo huenda yuko nyumbani kwake.

Mlango wa meneja ulikuwa wazi nusu. Alikuwa bado kwenye simu, mgongo umegeuka. Angeingia akasema, angeambiwa asubiri, angesimama pale akisubiri. Kimya akachana karatasi, akaandika: Usitume mpaka nirudi, kuna makosa. Akaiweka pembeni ya meza, kimyakimya kama kawaida yake, akatoka.

Msomaji, ikumbuke karatasi hiyo. Na ukumbuke kwamba waya wa mtandao ulikuwa umechomolewa, kwa hiyo mstari uliosahihishwa ulibaki kwenye kompyuta ya Kimya peke yake.

Kwenye ngazi alimpita Redio, viwiko magotini. Alimwomba ampigie simu likitokea lolote. Redio alijibu kwamba siku hizi ana nafasi tele.

Ni mwendo wa dakika kumi na tano kwenda kwa Mzee Jicho: unapita duka la vitambaa, unapita ukuta mrefu wa shule, unaingia kichochoro chenye nyumba sita za ghorofa moja. Kimya alikwenda nusu akitembea na nusu akikimbia. Mlango wa bluu ulikuwa wazi kidogo. Pazia la dirishani lilikuwa limefungwa, mchana kweupe.

Alisimama kizingitini akisikiliza. Ndani kulikuwa na sauti ya kibodi. Tap. Ukimya mrefu. Tap.

Kabla hajapiga hodi, kibodi ilinyamaza.

"Ingia, Kimya," sauti ilisema kutoka ndani. "Unatembea kama mtu anayeiomba sakafu radhi."

Ilikuwa sauti ya Mzee mwenyewe. Kimya akausukuma mlango na kuingia kwa nafuu. Alimwamkia, shikamoo, marahaba binti yangu, na mzee akainuka bila kuchechemea hata kidogo, akaenda kwenye birika. Mguu ulikuwa mzima.

Nafuu yake haikudumu. Mzee alimimina chai huku amekunja kidole kimoja ndani ya ukingo wa kikombe. Chai ilipogusa kidole, akaacha kumimina. Alifanya hivyo kwa ustadi wa mtu aliyeungua mara nyingi.

Kimya akatazama mezani. Kompyuta mpya. Skrini nyeusi tititi, herufi njano, kubwa kama vidole gumba. Juu ya vitufe viwili vya kibodi kulikuwa kumebandikwa vipande vya plasta ya kidonda, ili vidole vijue pa kuanzia.

Kompyuta ya tano.

Akavuta kiti, akakaa. Mzee alikuwa akieleza kwa uchangamfu kwamba simu aliisahau chumbani, kwamba kompyuta hii kaletewa na mwanawe Alhamisi, kwamba kazi ya wiki hii imekuwa safi, karibu hana la kusahihisha. Kimya akamwomba amsomee mstari mmoja tu, wa mia mbili na kumi na mbili. Alisema ana wasiwasi nao.

Mzee akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akasoma bila kusitasita, kwa ile sauti yake ya kufundishia. Dripu, chini ya kilo moja na nusu, sifuri nukta tano kwa saa. Akasema ni sahihi kabisa, aache woga.

Kwenye skrini palikuwa na tano. Tano peke yake, kubwa kama kidole gumba, hakuna sifuri, hakuna nukta.

Mzee hakuwa amesoma alichoandika Kimya. Alikuwa amesoma alichopaswa kuandika.

Huyu ndiye aliyempokea akitoka chuoni, akiogopa kila kitufe, akamwambia mtu anayeogopa kukosea ndiye anayefaa kazi hii. Ataanzaje? Akafanya alivyozoea. Akatoa daftari, akaandika maneno mawili, akachana ukurasa, akausukuma juu ya meza mpaka ukagusa vidole vya mzee.

Vidole vikaupapasa. Vikaukunja mara mbili, taratibu, na kuutia kwenye mfuko wa shati.

"Nitaisoma baadaye," mzee alisema.

Ndipo Kimya alipotambua alichofanya. Maisha yake yote alikuwa akijificha nyuma ya karatasi, na huyu hapa mtu ambaye karatasi haimfikii. Hapakuwa na njia nyingine ila kinywa. Akapiga moyo konde.

"Mzee wangu," alisema, na sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka, "nimeandika kwamba huoni."

Mzee akakaa chini pole pole, akitafuta kiti kwa nyuma ya mguu.

Alipoanza kueleza, alieleza akiitazama meza. Ilianza na ukungu pembeni, miezi minne iliyopita, kisha ukungu ukahamia katikati. Alikuwa akikuza herufi kidogo kidogo. Mistari ya Mlinzi ilimvimbia machoni ikafunika maneno, akaizima. Aliamini anaizima kwenye kompyuta yake tu. Siku alipowasha mashine mpya kilitokea kisanduku kikimuuliza kitu. Hakuweza kukisoma, akabonyeza ndiyo. Pengine kiliuliza kama mipangilio hii ifuate kompyuta zote za akaunti. Alidhani atapata dawa ya macho mapema. Alidhani anajua mikono yao kiasi kwamba hata asiposoma atajua walichoandika.

Akamshika Kimya mkono. Alimwomba ampe mpaka Ijumaa. Waseme ni hitilafu ya mtandao. Watarekebisha ule mstari mmoja, na yeye ataondoka kwa heshima, ajulikane kama alivyojulikana.

Simu ya Kimya ikalia. Alikuwa Redio, na hakuwa na mzaha.

Meneja alikuwa ameshatuma. Hospitali iliomba mapema, mafaili yote yalikuwa na neno la Mzee, akatuma saa nne na nusu, kutoka kwenye seva, yalivyo. Karatasi ya Kimya Redio alikuwa ameikuta sasa hivi, alipoingia kuomba maji. Ilikuwa chini ya jalada, haijasomwa. Wodini wameshaiwasha programu. Dawa ya saa tano ndiyo ya kwanza.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano.

Kimya akaomba ampe simu meneja. Akaiweka simu yake mezani, sauti wazi, na alipoanza kusema hakuitambua sauti yake mwenyewe, jinsi ilivyojaa chumba. Alisema amekosea kipimo. Alisema ni mara kumi ya kinachotakiwa. Alisema wapige wodini sasa, dripu zisifunguliwe.

Meneja alimsikiliza. Alisema atawapigia kuhusu mstari huo mmoja, wauhesabu kwa mkono. Lakini hawezi kuzima programu ya wodi nzima kwa sababu ya binti aliyetishika, kwa nukta moja, wakati mafaili mengine yote arobaini yamepita chini ya jicho la Mzee. Akauliza kama Mzee yupo hapo.

"Yupo," Kimya alisema.

"Basi na aseme yeye. Mzee, umeyasoma au hukuyasoma?"

Kimya alimgeukia. Angeweza kumjibia. Neno lilikuwa tayari mdomoni, zito, na kwa mara ya kwanza maishani ulimi haukugoma. Lakini mzee aliinua kiganja, kama alivyokuwa akiinua karakanani mwanafunzi alipotaka kumsahihishia kosa ambalo ni lake. Akapapasa mezani mpaka akaipata simu, akaileta karibu na mdomo. Saa ya ukutani ilibakiza dakika tatu.

"Mama, zimeni," alisema. "Zimeni yote. Nimeandika nimesoma mara arobaini na moja na sikusoma hata moja. Mimi sioni."